Mume wa Aviaq

Wapo wanaozaliwa na bahati, wapo wanaozaliwa na kisirani. Inuteq alizaliwa na mke.

Na mke mwenyewe alikuwepo pale pale mlangoni, mjane kijana, macho yamevimba kwa kulia, akimsubiri mkunga atoke. Siku chache kabla ya hapo mume wake, mwindaji aliyeitwa Inuteq, alikuwa ametoka na kayaki yake kuwafuata nyangumi wa pembe katika hori la Sioraq, na bahari haikumrudisha. Basi mtoto wa kwanza kuzaliwa kijijini baada ya msiba akapewa jina la marehemu, awe wa kiume, awe wa kike. Ndivyo tunavyofanya. Jina likipata mwili mpya, aliyeondoka amerudi, na jamaa zake wanaendelea kumwita vilevile walivyokuwa wakimwita. Huyu alitoka wa kike, tena mwenye kelele za kuamsha mbwa wote wa kijiji. Aviaq, yule mjane, akampakata, akamtazama usoni vizuri.

"Haya, mume wangu, umerudi," akasema. "Mattak yangu iko wapi?"

Watu walicheka na machozi yanawatoka. Kila mmoja alikuwa ameyasikia maneno ya mwisho ya marehemu akiisukuma kayaki majini: "Weka kahawa jikoni, mke wangu. Leo utakula mattak mpaka uchoke." Mattak ni ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yake, huliwa mbichi, na sherehe isiyo na mattak kwetu ni mkutano tu. Siku hiyo Aviaq aliapa kwamba hatakula ya mtu mwingine. Atakula ile atakayoletewa na mume wake. Tangu hapo kila sahani ikipita mbele yake, kwenye ubatizo, kwenye harusi, siku ya mfalme, anaipokea kwa adabu na kuipitisha kwa jirani. Wachumba walikuja, maana alikuwa mwanamke mzuri na mshonaji wa viatu vya ngozi asiye na mpinzani. Aliwarudisha mmoja mmoja.

"Mume ninaye," aliwaambia, "ila bado ananyonya."

Inuteq akakua katika utani huo. Mkewe alimshonea suruali, akamfokea akichelewa kurudi kutoka shuleni, akamwonea wivu alipoanza kusindikizwa na vijana. Gedion, mdogo wa marehemu, alikuwa mvulana mkubwa wakati kaka yake anazama. Naye akamwita yule mtoto kaka mkubwa, na mpaka leo, na mvi zake zote, humwita hivyo hivyo mbele za watu. Ndiye aliyemfundisha kukaa ndani ya kayaki bila kupinduka. Ndiye aliyempa chusa cha marehemu kilichobaki nyumbani, kwa sababu kilikuwa chake. Mikono ya Inuteq ilikuwa mizuri, jicho lake zuri, mgongo wake imara. Tatizo lilikuwa mdomo.

Siku midomo inagawiwa, huyu mwanamke lazima alipanga foleni mara mbili. Aliongea akila, aliongea akiota, aliwaongelesha mbwa, na furaha ikimshika ndiyo hakuna wa kumzuia. Sasa nyangumi wa pembe ana masikio kuliko mama mkwe. Anasikia jiwe likitupwa majini upande wa pili wa hori. Ndiyo maana kwetu hawindwi kwa boti la mashine. Anafuatwa kwa kayaki, kimya, kwa nyuma, kwenye maji anayoyaacha akipita. Kiangazi cha kwanza Inuteq alipochukuliwa na wanaume, aliuona mgongo wa kwanza ukichomoza na roho yake ikampanda. "Huyooo!" akapiga kelele. Kundi zima lilizama na halikuonekana tena mwaka ule. Majira ya baridi yote aliitwa Huyooo. Kiangazi kilichofuata alijizuia mpaka chusa kiko mkononi tayari, akapiga kelele kabla hakijatoka. Baada ya hapo wanaume wakamshauri, kwa upole sana, awe anapiga sili kwa bunduki akiwa nchi kavu.

Mdomo uliomnyima nyangumi ndio uliompa kazi. Meli za wasafiri huanza kutufikia mwisho wa kiangazi, barafu ya hori ikishavunjika, na zinahitaji mtu wa huku wa kuwaongoza abiria. Inuteq alikwenda kujaribu mara moja, hakurudi nyuma tena. Alijifunza Kiingereza kwa mwendo wa kuongea tu. Kila Agosti anaiona milima ile ile ya barafu, na kila Agosti anawatoa abiria kwenye uji wao kwa mayowe, njooni, njooni muone hii ya bluu, kana kwamba na yeye ameshuka jana kutoka jangwani. Hadanganyi. Anaisikia kweli furaha hiyo, kila mwaka upya, na abiria wanampenda kwa hilo.

Mwaka huu alikuwa melini wakati Gedion alipompigia simu.

"Kaka mkubwa, mkeo anaondoka."

"Anakwenda wapi na miguu ile?"

"Nuuk, mji mkuu. Figo zimekataa. Daktari anasema akae karibu na mashine ya kusafisha damu, tena siyo kwa kwenda na kurudi. Helikopta inamchukua Alhamisi."

Meli ilikuwa ifike Sioraq, kijijini kwao, Jumanne, ishushe abiria mchana mmoja, iondoke jioni. Usiku ule Inuteq hakulala. Alimwona Aviaq katika chumba cha ghorofa huko kusini, anazeeka akitazama ukuta wa jirani, hajaionja mattak tangu ujana wake, na kosa ni la nani? La Inuteq. Siyo yule aliyezama. Huyu, mwenye mwili na mikono miwili mizima, aliyekuwa na miaka yote hiyo ya kutimiza neno lake mwenyewe akaishia kuwaonyesha wageni barafu. Alipata haya mpaka masikio yakawaka moto.

Jumanne asubuhi meli iliingia katika hori la Sioraq. Jua lilikuwa limetoka, maji yametulia, na abiria mia na kitu walijaa sitahani na majaketi yao mekundu, wameshajazwa hamu: kijijini watapewa kahawa na keki, kwaya itawaimbia, watapiga picha na mbwa. Ragnhild, Mnorwe aliyekuwa kiongozi wa msafara, aliita kwa redio. Kijiji hakikujibu. Akaita tena. Kimya.

"Inuteq, wenyeji wako wametukasirikia?" aliuliza. "Au kuna msiba?"

Inuteq alichukua darubini. Bendera ya shule ilikuwa imeshushwa. Mbwa wote wamefungwa na kutupiwa nyama, wamelala. Hakuna mtoto kwenye bembea, hakuna boti linalosogea. Watu walikuwa wamekaa juu ya miamba nyuma ya nyumba, wanawake, watoto, mchungaji, mwenye duka, wote wametazama upande mmoja kama watu walio kanisani. Na vichanja vya kayaki vilikuwa vitupu. Kasoro kimoja.

Akashusha darubini, akamsogelea Ragnhild mpaka pua zikakaribia kugusana, akanong'ona.

"Mwambie nahodha azime mashine. Zote. Sasa hivi."

"Mbona unanong'ona? Unaumwa?"

"Wamekuja, Ragnhild. Nyangumi wa pembe wako horini. Tukisogea kidogo tu tumewafukuza, na Sioraq haitatusamehe mpaka wajukuu."

Ragnhild alikuwa mtu wa ratiba, lakini alikuwa pia mtu aliyekwenda kaskazini miaka kumi na miwili bila kumwona nyangumi wa pembe hata mkia. Alikwenda kwa nahodha karibu kwa mbio, ila kwa ncha za vidole. Mashine zikazimwa. Habari haikutangazwa kwenye spika. Ilipita sikio kwa sikio, kutoka mbele ya meli mpaka nyuma, na kila ilipofika watu walishika mdomo na kukodoa macho. Meli ikabaki inaelea mlangoni mwa hori, na kimya kilikuwa kikubwa mpaka ukasikia barafu ikidondosha matone.

"Haya, ratiba imekufa," Ragnhild alinong'ona, anatabasamu hadi kwenye nyusi. "Mbona unatazama ufukweni?"

"Nataka kwenda nyumbani. Na boti la mpira. Bila mashine."

"Kwa nini?"

Inuteq alimwambia kwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kutumia kuelezea kitu. Ragnhild alisikiliza, akatazama maji, akatazama anga.

"Likipigwa makafi na watu watano litakwenda polepole sana," akasema. "Tafuta wenye mabega."

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Alois, Mwaustria mstaafu aliyekuwa dereva wa treni, bonge la mtu, naye mwongeaji kiasi kwamba Inuteq alimchukulia kama ndugu.

"Watamuua nyangumi?" alinong'ona akishika kafi.

"Wakijaliwa."

Alois alifikiri. Alikuwa amelipa nauli ya kuwaona wakiwa hai. "Basi mimi naenda kumwona huyo bibi," akasema, akaketi.

Walivuka namna hiyo, wastaafu wanne na Inuteq, wakichovya makafi kama wanaokoroga uji wa mgonjwa. Alois alipoacha kafi ligonge ubavu wa boti, Inuteq alimkata jicho lililomfanya aombe radhi kwa mikono miwili na nusura adondoke. Chini ya ukingo wa mwamba, ambapo hori halionekani, waliteremka. Inuteq alitembea kuelekea nyumba nyekundu ya mwisho. Miguu ilitaka kukimbia, aliizuia.

Aviaq alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango wake, amefunikwa blanketi, uso umevimba kidogo kwa ugonjwa. Kando yake benchini palikuwa na buli na vikombe viwili vya kahawa, vyote vimejazwa, na bakuli la sukari.

"Siku hizi hata mke hasalimiwi," alinong'ona.

"Aviaq, nimesikia kwamba..."

"Umesikia naondoka. Kila mtu amesikia. Kayaki yako iko pale. Nimeiziba nyufa mwenyewe, na huu mgongo wangu umenitukana kila usiku. Chusa kiko juu yake."

Inuteq aliona aibu na furaha vikimpanda pamoja. Kumbe alikuwa akingojewa. Miaka yote ya utani, na nyuma ya utani mwanamke huyu amekaa anamngoja kweli.

"Na nikipiga kelele tena?" alisema. "Unanijua. Nikiwaona tu, mdomo unakwenda wenyewe."

Aviaq alichukua kipande cha sukari bakulini, kile tunachong'ata katikati ya meno huku kahawa inapita, akakisukumiza mdomoni mwa mumewe kama anavyolishwa mtoto.

"Ng'ata hapo. Ukifungua mdomo kitadondoka, na dukani sukari imekwisha mpaka meli ya mizigo ije. Nenda. Keshokutwa naondoka, sina muda wa kukungoja uzeeke."

Wanaume sita walikuwa wametawanyika horini ndani ya kayaki zao, wametulia kama magogo. Gedion alimwona anakuja akapeperusha mkono, rudi, rudi, uso umemkunjamana. Kisha akaona ile sukari nyeupe katikati ya meno. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka kayaki ikatengeneza viwimbi, bila sauti hata chembe. Akamwonyesha mahali pa kukaa, nyuma kabisa, karibu na mlima mdogo wa barafu. Mahali pa mtu asiyetarajiwa kitu.

Na huko nyuma ndiko walikotokea.

Kwanza ilikuja pumzi, pfuu, nzito, kisha nyingine, kisha nyingi. Migongo ya kijivu yenye madoa ilichomoza ikiteleza taratibu kuzunguka barafu, na mbele ya mmoja wao pembe ndefu iliinuka hewani, ikakaa kidogo, ikashuka. Nywele zilimsimama Inuteq. Kila kitu ndani yake kilitaka kusema huyooo. Kule mbali, watu mia waliovaa mekundu walikuwa wamegandamana kwenye reli za meli, hakuna aliyekohoa. Aling'ata meno. Sukari ilikuwa inayeyuka, utamu unamjaa kooni.

Aliingia nyuma ya mgongo ulio karibu zaidi, kwenye maji laini anayoyaacha mnyama, mahali ambapo jicho lake halifiki. Alipiga kafi bila kulitoa lote majini. Mnyama alipopumua alisogea, alipozama alitulia. Hofu ilimjia hapo, wazi kabisa: haya ndiyo maji yaliyomchukua wa kwanza. Kamba ya chusa ikijizungusha kiunoni, boya lililofungwa mwishoni mwake likikwama, atamfuata huko huko chini, na Aviaq atakuwa mjane mara ya pili kwa mume yule yule. Alitazama kamba. Ilikuwa imekaa vizuri. Aliinua chusa, akaupeleka mkono nyuma, na sukari iliyobaki mdomoni haikutosha hata kufunika ulimi.

Akarusha.

Chusa kilizama nyuma ya kichwa. Kamba ikafyatuka, boya la ngozi ya sili likaruka kutoka mgongoni mwa kayaki na kuondoka juu ya maji kwa kasi. Inuteq alibaki mkono juu, mdomo umefungwa kabisa. Gedion alikuwa tayari anapita mbio kando yake, macho yamemtoka, akarusha chusa cha pili. Wa tatu akafuata. Boya lilizama, likaibuka, likachoka. Mlio wa bunduki ukapiga mara moja na kurudi kutoka mlimani.

Gedion akainua kafi lake juu, kwa mikono miwili.

"Kaka mkubwaaa!" akapiga yowe. "Ni kaka mkubwa! Inuteq amepiga!"

Basi hapo ndipo Sioraq ilipopasuka. Miamba yote ilipiga kelele kwa pamoja, mbwa wakaamka wakaanza kubweka, mtu akakimbilia kengele ya kanisa, na nahodha, aliyejizuia kama sisi sote, akapiga honi ya meli mpaka ndege wakaondoka majabalini. Alois alikuwa anaruka ufukweni na buti zake, anapaza sauti kwa lugha ambayo hakuna aliyemwelewa na kila mtu alimwelewa. Inuteq naye alifungua mdomo apige yowe lake aliloliweka miaka yote hiyo. Hakuna kilichotoka.

Walimvuta nyangumi ufukweni. Abiria waliteremka wote, wengine wanalia, wengine wanacheka, mwanamke mmoja akamgusa mnyama shingoni na kusema samahani. Mawindo ya kwanza ya mtu hayana mwenyewe, hugawiwa yakaisha, na kila aliyetia mkono ana fungu lake, hata wapiga makafi. Alois alipewa kipande cha mattak, akakitafuna, akaendelea kukitafuna.

"Inaisha lini?" alimwuliza Gedion.

"Wewe tafuna tu, mzee," Gedion alimwambia. "Mimi yangu ya Pasaka bado niko nayo."

Lakini kipande cha kwanza kabisa Inuteq alikuwa amekikata mwenyewe, akakibeba kwa mikono yake miwili, kikidondosha maji ya bahari, akapanda nacho njia yote mpaka nyumba nyekundu. Watu walimpisha. Walimfuata kwa mbali, wakasimama.

Aviaq hakuwa ameondoka kwenye benchi. Alikitazama kile kipande kwa muda. Kisha akamtazama aliyekileta, kuanzia nywele zilizolowa mpaka viatu.

"Umechelewa, mume wangu," akasema. "Kahawa imepoa."

Inuteq alipiga magoti, akaweka mattak mapajani mwa mkewe. Aviaq akachukua kisu chake cha jikoni, akakata vipande vyembamba vya mtu aliyebakiwa na meno machache, akala kimoja, akafumba macho, akala cha pili. Alipofika cha tatu alinyoosha mkono bila kutazama, akaokota kimoja kati ya vile vikombe viwili, akampa.

Inuteq akainywa yote, ikiwa baridi.